Memorandamu ya Bruxelles

Jamani, nitawasimulia lakini msianze kunicheka sasa hivi, chekeni huko mbele pamoja na wenzenu, maana mwanzo wa habari hii ni aibu na katikati yake ni aibu tupu, aibu ya kutangazwa kwa kipaza sauti mchana kweupe katikati ya Durban, ila mwisho mtanipa heshima yangu. Mpaka leo nikipita Umbilo Road kwenda saluni kuna watu wananiita Memorandamu, na mimi naitika.

Yote yalianza na vibanio vya nywele. Nilikuwa namtengeneza Mama Présidente (ndivyo tunavyomwita mwenyekiti wa kina mama wa kanisa letu la Wakongo, mwanamke wa miaka sitini na kitu ambaye akiingia mahali hata wazee wanakaa vizuri kwenye viti) na nilikuwa na vibanio vinne mdomoni. Akanitazama kwenye kioo, akasema, "Espe, si weye uliishiaka Bruxelles mbele ya kufika huku?" Sasa mtu mwenye vibanio mdomoni hana maneno, ana kichwa tu, akitikise aseme hapana au akiinamishe aseme ndiyo, na mimi, Mungu anisamehe, nikakiinamisha. Kwetu mtu aliyefika Ulaya, hata kama alilala uwanja wa ndege tu, anaheshimiwa kuliko mwenye digrii mbili, na mimi nilikuja Durban kwa malori kutoka Lubumbashi, safari ambayo hakuna hata mmoja anayetaka kuiona picha yake. Halafu binamu yangu Clarisse anaishi kweli Bruxelles na hunitumia video, kwa hiyo nikajiambia huu siyo uongo wenyewe hasa, ni uongo wa kuazima.

Vibanio vilipotoka mdomoni nilikuwa nimeshachelewa. Mama alikuwa anapiga makofi. Kumbe anakwenda Kanada kumwona mjukuu wake wa kwanza, ndege inamshusha Bruxelles alfajiri, nyingine inamchukua usiku, viza ya kuingia mjini siku hiyo moja ameshagongewa, na alikuwa anatafuta mtu anayeujua mji ampangie siku yake.

"Miye sitaki mambo mingi," akasema. "Ni kitu moja tu."

Akanisimulia. Baba yake alikuwa mpishi wa Mbelgiji mmoja kule Bukavu, na yule Mbelgiji alipoondoka alimwachia kopo la biskuti. Biskuti ziliisha siku ileile, lakini kopo lilikaa nyumbani miaka na miaka, mama yao akiwekea sindano na nyuzi, na juu ya kifuniko palikuwa na picha ya uwanja wa zamani uliozungukwa na majumba yenye dhahabu na wanawake wanaouza maua. Mama Présidente akiwa mtoto alikuwa anaweka kidole kwenye picha na kukitembeza kati ya yale majumba. Vita ilipokuja walikimbia, kopo likabaki.

"Nataka kusimama ndani ya ile kopo," akasema. "Hata dakika kumi."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema ukweli. Badala yake nikasikia mdomo wangu (sasa ulikuwa mtupu kabisa, hauna kisingizio) ukisema, "Usijali, Mama, ule mji naujua hata gizani."

Kwa wiki tatu sikulala vizuri. Niliangalia video za Bruxelles mpaka nikaanza kuziota, nikawa nampigia Clarisse akitoka kazini na usingizi wake, nikimuuliza kutoka gare, yaani kituo cha treni, mpaka uwanjani ni hatua ngapi, na kuna ngazi, na ngazi zina mahali pa kushika? Njia haikunishinda. Ndugu ndio walitaka kunishinda. Mnatujua sisi, hatupiti mji wenye ndugu bila kumsalimia, na kina mama wa kanisa walipopata habari kila mmoja alikumbuka kwamba ana shangazi au mdogo wake Bruxelles, wakaanza kuleta vifurushi, vitenge hivi, masala ya Durban hiyo, na huko nako ndugu saba walikuwa wameshaahidi kupika. Fufu, huo ugali wetu wa Kongo, nyumba saba! Na ukikataa chakula cha mtu umetukana ukoo mzima. Nikapiga hesabu, nikaona Mama akikaa chini kwenye nyumba mbili tu, ndege itamchukua kabla hajaliona kopo lake.

Kwa hiyo niliandika mpango kwenye karatasi, kwa Kiswahili na Kifaransa kilichochanganyika, dai kwa dai. Sikuyaita madai wakati ule, hilo jina lilikuja baadaye.

Nilipompa Mama aisome, akaisukuma pembeni. "Mambo ya karatasi haiingie. Unipitishe kwa miguu, miguu ndiyo itakumbuka." Nikapata wazo, na nilijiona mwerevu sana. Tutafanya mazoezi hapahapa Durban! Warwick, pale kwenye soko na taxi zote, itakuwa gare. Lile jengo kubwa la zamani la manispaa lenye kuba litakuwa Grand-Place, huo uwanja wa kopo. Na katikati tutapachika vituo vingine. Jumatatu, siku ambayo saluni yangu haifunguliwi, kina mama wanane wakaja wamevaa kitenge cha kanisa, wote sare, kila mmoja na boksi la karatasi lililoandikwa jina la kituo chake kwa herufi kubwa, GARE, GAUFRE (ile keki yao ya vishimovishimo yenye sukari), GRAND-PLACE, ili asimame mahali pake Mama Présidente amtafute. Mimi nikabeba kipaza sauti cha mkono cha kwaya, kwa sababu Mama sikio moja halisikii vizuri.

Shida ya kwanza, hakuna mama hata mmoja aliyekubali kusimama peke yake mjini na simu yake mfukoni. "Iko wezi," wakasema, na ni kweli. Basi tukaondoka wote pamoja, maboksi yameinuliwa juu, mimi mbele na kipaza sauti nikipiga kelele, "Wamama, kushoto! Wamama, hatuko na muda!" na kina mama, kwa kuwa hawawezi kutembea hatua kumi bila wimbo, wakaanza kuimba.

Wenye kuijua Afrika Kusini mmeshaelewa. Watu waliovaa sare, maboksi yenye maandishi, wimbo, na mwanamke mwenye kipaza sauti anayeelekea jengo la manispaa: huku hicho kitu kina jina moja, nalo ni maandamano. Mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma akamwachia mwenzake jiko, akatufuata, akaniuliza, "Mama, siyaphi?" yaani tunaenda wapi, nikamjibu, "Grand-Place!" na yeye akageuka akawatangazia wengine. Wakaja wachukuzi wa mizigo, wakaja wauza dawa za miti shamba, na kwenye robot ya pili (hizo ni taa za barabarani) askari wa trafiki akatusimamishia magari, nikampungia mkono kwa shukrani kama mheshimiwa. Nyuma yangu wameshaanza toyi-toyi, ile ya kurukaruka kwa miguu na kupiga ngumi hewani, na Mama Présidente mwenyewe katikati anaruka, anadhani ni sehemu ya mazoezi.

"Espe," akanipigia kelele, "Bruxelles nayo banatembeaka hivi?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama!" Ningesema nini?

Tulipofika kwenye ngazi za lile jengo nilitaka kuyeyuka. Umati ulikuwa umejaza njia. Mlango ukafunguliwa, akatoka bwana mmoja wa ofisi, mpole, na tai yake na kalamu yake tayari, kwa sababu huku maandamano yana utaratibu: mkubwa anashuka, anapokea memorandamu ya madai, anaisaini mbele ya watu, watu wanarudi nyumbani. Akanyoosha mkono. Umati ukapiga kelele, "Memorandum! Memorandum!" Nikafungua mdomo nimwambie hakuna, bwana, sisi tunajifunza kutembea Bruxelles, lakini hiyo sentensi jamani mtu anaianzia wapi? Mkononi nilikuwa na karatasi moja tu duniani. Akaichukua.

Akaitazama, akaigeuza, akaona hajui lugha. Akamwita askari wa mlangoni, Baba Mugisho, ambaye kumbe ni Mkongo mwenzetu, tena mtu wa Bukavu, akamwambia awasomee watu na kuwatafsiria. Baba Mugisho akachukua kipaza sauti changu mwenyewe, akakohoa, akasoma kwa sauti ya kuongoza mazishi, kila mstari kwetu kwanza, kisha kwa Kiingereza.

"Dai la kwanza! Ndugu wote wakuje gare saa mbili asubuhi kuchukua mizigo yao. Hakuna mtu wa kupeleka Mama nyumbani kula fufu!"

Yule muuza mahindi akapaza sauti, "Yebo!" yaani ndiyo kwa Kizulu, na umati wote ukaitikia, "Yebo!"

"Dai la pili! Mama avae viatu vya chini, hata kama anakataa!" Yebo! "Dai la tatu! Gaufre moja. Moja tu, juu ya ugonjwa wa sukari!" Yebo! "Dai la ine! Kuona kale katoto ka sanamu kenye kukojoa, dakika tano, isipite!" Hapo bwana wa ofisi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Dai la tano! Grand-Place. Kukaa mpaka Mama mwenyewe aseme inatosha!"

Nikashusha pumzi, nikidhani imekwisha. Baba Mugisho akaigeuza karatasi pembeni, akakaza macho. "Na hapa kandokando iko imeandikwa kidogokidogo: Espe, uliza Clarisse kama ni mbali kwa miguu, weye haujafikaka, na Mama asijue."

Niliyaandika baada ya Mama kuisukuma karatasi pembeni. Kwa Kiingereza pia aliyasoma. Kwa kipaza sauti.

Watu walicheka mpaka maboksi yakaanguka. Wachukuzi walicheka, trafiki alicheka, kina mama wenzangu ambao wamekula kwangu walijishika mbavu. Mimi sikuwa nawaona, nilikuwa namtazama Mama Présidente peke yake, na uso wake haukucheka. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, siyo ya umati, ya yule mama na kopo lake, kwamba alinipa siku yake moja na mimi nikaishika kwa uongo.

Akachukua kipaza sauti kwa askari. (Alikuwa karibu nami kabisa, hakukihitaji.)

"Espe. Haujafikaka Bruxelles?"

"Hapana, Mama."

"Hata siku moja?"

"Hata uwanja wa ndege."

"Na hii yote uliitoaka wapi?"

"Kwa simu, Mama. Na kwa Clarisse. Wiki tatu."

Akaomba karatasi, akaisoma mwenyewe kwa mara ya kwanza, polepole, mstari kwa mstari, na alipofika dai la tano akakaa hapo muda mrefu. Halafu akamrudishia bwana wa ofisi. "Asaini," akamwambia Baba Mugisho. "Hiyo ya fufu nakubali. Hiyo ya viatu tutaongea."

Na bwana yule, Mungu ambariki, akasaini! Akaomba muhuri uletwe, akaugonga, akamrudishia Mama karatasi, akawaambia watu kwamba madai yamepokelewa na yatafikishwa kwa wahusika. Vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia hata kwenye harusi. Muuza mahindi alinikumbatia, akaniambia hajawahi kuandamana na kupata jibu siku hiyohiyo.

Njiani kurudi, tulipofika Warwick, Mama akasimama. "Uliniongopea," akasema. Nikasema ndiyo. "Ungesema haujafika, ningekuomba vilevile. Mwenye alifika angenipeleka kwenye alienda yeye." Akatembea kidogo. "Kesho tunarudilia. Bila kuimba."

Tulirudia mara nne.

Siku yenyewe ilipofika nilikuwa saluni, nimeshika kichwa cha mteja lakini roho yangu iko kwenye simu. Saa mbili na nusu asubuhi Clarisse akatuma picha: ndugu sita wamejipanga gare, kila mmoja na kifurushi chake, na wa saba, shangazi mmoja mjanja, amelisoma vizuri dai la kwanza (niliwatumia wote picha ya karatasi), akaona limekataza fufu ya nyumbani tu, basi amekuja nayo kituoni ndani ya sufuria! Akataka Mama akae chini ale. Mama akatoa karatasi kwenye pochi, akamwonyesha. "Sheria ni sheria," akamwambia, "iko na muhuri." Shangazi akatazama muhuri, akafunika sufuria, na wote wakamsindikiza kwa miguu, Mama mbele, amevaa viatu vya chini, haulizi njia.

Saa nne na dakika chache ikaingia sauti yake. Nikaiweka juu ili saluni nzima isikie. Kwanza tulisikia miguu ya watu na kengele mbali, halafu pumzi ya Mama.

"Espe," akasema, na sauti ilikuwa ya mtoto. "Niko ndani ya kopo."

Nililia, mteja akalia na nusu ya kichwa chake haijasukwa, kisha tukacheza mpaka wa duka la jirani akaja kuuliza nani ameolewa. Mama alikaa pale uwanjani kwa muda wa saa tatu na nusu. Ka sanamu hakukaona kabisa, akasema vitoto vyenye kukojoa ameviona vya kutosha.

Aliporudi aliniletea kopo jipya la biskuti, picha ileile, na liko saluni mbele ya kioo. Sasa watu wanakuja kwangu kupangiwa siku zao, juzi Mkenya mmoja, mwalimu wa chuo, ana siku moja Roma, na akiwa kwenye kiti akaniuliza kama mimi nimefika huko. Nilikuwa na vibanio vitano mdomoni. Nikavitoa vyote, kimoja kimoja, nikaviweka ndani ya kopo, nikafunika.

"Sijafika," nikamwambia. "Wewe unataka kuona nini?"