Mahali Ambapo Mkasi Haukupita

Mwanzoni nilidhani Mama Hortense, mshonaji wetu, anatuchelewesha kwa sababu amepokea kazi nyingi kuliko mikono yake. Ndivyo nilivyomweleza katibu wa kamati yetu, Stéphane, na nilisema kwa utulivu wa mtu anayeamini kwamba anawajua watu. Sina hakika kwamba hata leo namjua mama huyu kiasi cha kutosha kumwandika. Najaribu.

Hapa Lubumbashi hakuna shughuli yenye heshima bila kitenge chake. Harusi ina kitenge, matanga yana kitenge, kwaya ina kitenge. Kwa hiyo mji wetu ulipochaguliwa kupokea mkutano wa kisayansi wa kanda, wa watu wanaochunguza ardhi kwa picha za setilaiti, kamati iliamua kwamba wenyeji na wageni, kutoka Zambia, Angola na Tanzania, wavae mashati ya kitambaa kimoja. Mimi, chef de travaux wa jiografia, yaani mhadhiri asiye profesa, ambaye tasnifu yake haijakwisha hadi leo, nilipewa jukumu la kuchagua mchoro. Nilichukua picha ya setilaiti ya mji na viunga vyake, ya miaka kadhaa iliyopita, kwa sababu tu haikuwa na wingu wala moshi wa mashamba yanayochomwa. Kiwandani waliichapa ikijirudia tangu mwanzo wa kitambaa hadi mwisho.

Kushona tulimpa Mama Hortense Mbuyi wa mtaa wa Katuba. Wazazi wake walitoka Kasai wakauza sabuni na chumvi. Yeye alifundishwa kushona na masista, akaolewa na Mulenga, mkulima wa familia ya hapa hapa, sasa marehemu. Ni mwanamke mnene mwenye vidole vyembamba, na huzungumza akiwa na pini midomoni bila kumeza hata moja. Cherehani yake ni ya kukanyaga. Umeme unapokatika, washonaji wenzake hutoka kukaa vibarazani, naye huwapigia kelele kutoka ndani, akiwauliza kama wako likizoni: "Bazungu, muko mu congé?"

Nilipompelekea kitambaa, alikikunjua mezani akacheka.

"Prof, miti ya kwenu ku université iko rouge?"

Sikumsahihisha kuhusu cheo. Nimekwisha kuchoka kusahihisha. Nilimweleza kwamba setilaiti inaona mwanga usioonekana kwa macho yetu, na kwamba sisi tunaupa rangi nyekundu: palipo na majani mabichi huonekana pekundu.

"Kumbe. Na Kafubu iko wapi?"

Niliufuata mto kwa kidole, nikamwonyesha mpindo mkubwa na mabaka mekundu ya bustani kando yake.

"Na hii picha, balipiga wakati gani?"

"Kidogo mbele ya kufungua carrière kule," nilijibu, yaani muda mfupi kabla ya machimbo kufunguliwa, kwa uhakika wa mtu ambaye hajakagua.

Alikikunja kitambaa. Nilifikiri maelezo yangu yamemchosha, kama yanavyowachosha wanafunzi wangu.

Mkutano ulipokaribia, tulikuwa tumepokea mashati machache tu, na hayakuwa na mifuko. Stéphane alilinyanyua moja ofisini na kulitikisa.

"Shati bila mufuko! Ba prof bataweka bic wapi? Ku masikio, sawa ba menuisier, ba fundi ba mbao? Enda ubebe ile kitenge yote, Israël. Tupeleke ku atelier ya kushona ya mu ville, katikati ya mji. Kule banapangaka kitambaa couche juu ya couche, banakata yote mara moja."

Nilikwenda Katuba nikiwa nimetayarisha maneno makali kidogo. Kitambaa kilichobaki kilikuwa kimetandazwa juu ya meza, na kila hatua fulani kulikuwa na uzi mweupe uliofungwa fundo dogo. Nilidhani ni alama za kasoro za kiwandani.

"Mama Hortense, comité imechoka. Mi nimekuya kubeba kitenge."

Alitoa pini midomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Ikala kwanza, Prof."

Niliketi. Aliweka kidole kwenye fundo moja. Lilikuwa kando ya mpindo wa Kafubu, juu ya baka jekundu lisilozidi ukubwa wa ukucha.

"Hapa njo kwa Mulenga. Kwetu. Hii rouge njo bustani yetu. Mutoto wangu, Chancelvie, njo alikuwa anamwangiaka mboga ya lengalenga mayi, kila asubuhi mbele ya kwenda ku masomo. Na kopo. Alikuwa anaimbia lengalenga, ati inakomala mbio kama inasikia mwimbo." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Homa ilimubeba. Mvua ya kwanza kisha kiangazi ya muaka 2017. Tulimulalisha pale pale, pembeni ya bustani."

Niliondoa mkono wangu juu ya kitambaa.

"Kisha carrière ilikuya. Balituhamisha sisi bazima, kaburi hapana. Siku nilirudia kuona, kulikuwa shimo tu, hata ngambo haionekane. Sasa wee unaniletea hii kitambaa, na yeye iko pale, kila fasi picha inarudilia." Aliushika mkasi, akauweka tena. "Kazi sikatae, Prof. Lakini siwezi kupitisha mukasi pale. Minageuza kitambaa, minatafuta namna, mpaka pale panabakia pazima. Kamoja panaangukia ku bega, kamoja ku mugongo. Njo maana ninachelewa. Ku ville batamukata na kumukata."

"Na mifuko?" niliuliza.

"Mufuko unafunika. Tulimufunika mara moja, na udongo. Inatosha."

Nilirudi mikono mitupu. Njiani nilitunga sababu za kitaalamu za kumpa Stéphane, lakini nilipofika nilimwambia ukweli kama ulivyo. Alilikunja lile shati lisilo na mfuko, akaliweka mezani.

"Basi," alisema hatimaye, "ba bic tutafunga ku kamba ya badge. Na benye batakosa shati siku ya kwanza, batavaa siku ya pili. Hakuna mutu atakufa."

Mama Hortense alileta mashati ya mwisho asubuhi ya siku ya kufunga. Wakati huo mimi nilikuwa jukwaani nikionyesha ramani za mabadiliko ya ardhi. Katika hesabu zangu, ukingo ule wa Kafubu umo katika fungu tunaloliita "ardhi tupu." Nimelitamka neno hilo mara nyingi maishani bila shida. Siku ile lilinigomea, nikaonyesha kwa mkono tu na kuendelea.

Wakati wa chai nilimwona amesimama karibu na mlango wa ukumbi, akiitazama migongo ya watu. Wahandisi, maprofesa na maofisa wa misitu walipishana mbele yake na vikombe mikononi, na kila mmoja alibeba kwa Mulenga pazima bila kujua: huyu ubavuni, yule chini ya ukosi. Mgeni mmoja wa Zambia, mzee mrefu, alikuwa napo begani. Mama Hortense alimsogelea kutoka nyuma, akapanyosha kwa kiganja taratibu, kama fundi anayesawazisha mshono. Mgeni aligeuka.

"Natotela, mayo," alisema kwa Kibemba: asante, mama.

Mama Hortense alitabasamu, lakini kiganja chake hakikuondoka mara moja, na yule mzee, sijui kwa nini, alisimama tuli akamwachia.

Siku kadhaa baadaye, nikiandika ripoti, nilitakiwa kutaja asili ya picha ya kitenge. Ndipo nilipofungua taarifa zake kwa mara ya kwanza. Sikuwa nimemwambia Mama Hortense kweli: haikupigwa muda mfupi kabla ya machimbo, bali mapema zaidi. Ilipigwa asubuhi ya siku ya masomo, mwezi wa sita wa mwaka 2017, wakati wa kiangazi, ambapo majani hayawi mabichi bila mtu kuyamwagilia. Mvua za kwanza baada ya kiangazi kile, zilizomkuta Chancelvie na homa, zilikuwa bado hazijanyesha.