Nilimwandikisha mama watoto ndoa ya kanisani bila kumuuliza, akaenda kuweka kizuizi yeye mwenyewe

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo mtanisalimia huko chini.

Hii ni yangu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Nimebadilisha majina tu. Kama nyuzi za dini zinakukera pita kimya kimya, na wale wa "dini ililetwa na meli" leo naomba mnipumzishe.

Mimi ni mchimbaji mdogo, kwetu Kharumwa. Ujana wangu umeishia kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, ya Geita, mara nimehamia huku, mara nimekimbilia upande wa Buseresere, popote niliposikia duara limetema dhahabu.

Mama Rozi nilimchukua miaka kumi na miwili iliyopita. Barua ilienda kwao, ng'ombe wa mwanzo wakaenda, ila kanisani hatukufika. Tukaanza kuishi tu kama wengi wenu mnavyoishi, msijifanye.

Wakatoliki mnajua maana yake. Ndoa haijabarikiwa, hupokei komunyo. Jumapili wenzio wakipanga mstari wewe unabaki kwenye benchi, unakunja miguu wapite.

Jambo hilo lilimuumiza yeye kuliko mimi. Kila mwaka ananiambia, "Baba Rozi, twende kwa Paroko, hata bila soda." Mimi namjibu subiri duara liteme nikufanyie harusi ya watu. Nilikuwa nataka ukumbi, suti, na ng'ombe wa kuchinja.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kufungwa. Huko machimboni nilikuwa na mambo yangu, na wanaume mnanielewa.

Miaka ikaenda hivyo, kisha akaacha kuniomba. Nikadhani ameelewa.

Sasa Kwaresima ya mwaka jana katekista wetu alinibana niende mafungo ya wanaume Geita, siku tatu. Nilienda kwa sababu duara lilikuwa limejaa maji na sikuwa na kazi. Sitaki kujipamba.

Wakuu, sijui niwaelezeje. Kulikuwa na padre mgeni, mfupi, ana sauti ya dalali wa mnadani. Hakutugombeza. Alisema mwanaume amemwachia mke imani kama alivyomwachia ndoo ya maji, halafu anashangaa kwa nini ana kiu.

Watu wazima na mvi zao walilia. Mimi nililia nimeficha uso kwenye kofia.

Nikaingia kwenye kitubio. Padre akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia hawezi kuniondolea dhambi wakati narudi kuishi vile vile. "Nenda kaiweke sawa ndoa yako, mlango uko wazi."

Badala ya kuumia, nikafurahi. Kumbe ni hilo tu! Nilitoka pale mwepesi, nacheka peke yangu. Tangu nizaliwe sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, hata siku niliyoshika dhahabu kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Katekista wetu, tuliyekuwa naye palepale mafungoni, alikuwa anaandika majina ya wanaobarikiwa ndoa kwa kundi baada ya Pasaka. Akaniuliza, "Mama Rozi amekubali?"

Nikamwambia, "Huyo? Si ndiye aliyekuwa ananiomba! Amekubali zamani."

Akaandika. Sikumpigia simu mama watoto, nilitaka iwe sapraizi. Jumamosi jioni nikafika nyumbani na mkate na sukari, nikakaa kimya najichekea moyoni.

Jumapili, mwisho wa misa, yakaja matangazo ya ndoa. Majina yetu yakasomwa, halafu lile neno la siku zote: mwenye kujua kizuizi chochote amjulishe Paroko. Kina mama wakapiga vigelegele. Nikageuka kumtazama Mama Rozi upande wa wanawake. Amekaa wima, anaangalia altare, hatabasamu.

Nje watu wananipa mkono, wengine wananiita bwana harusi. Mimi namtafuta yeye. Nikamwona kwenye benchi nje ya ofisi ya Paroko, kati ya watu waliofuata vyeti vya ubatizo.

Nilidhani amekwenda kushukuru.

Aliingia, akatoka baada ya dakika chache, akanipita bila neno. Kisha Paroko akaniita. Ni mzee mpole, haongei sana.

"Baba Rozi, kizuizi kimeletwa."

"Na nani, Padre?"

"Na bibi harusi."

Nilirudi nyumbani nawaka. Nilimkuta anachambua mchele. Nikaanza kufoka kwamba ameniaibisha mbele ya parokia nzima. Aliniacha nimalize.

"Miaka yote ile nilikuomba," akasema. "Leo umepata furaha ya siku tatu huko Geita, unataka unifunge nayo maisha."

"Si ulikuwa unataka mwenyewe?"

"Nilitaka kabla ya Emanueli."

Wakuu, hapa ndipo ningependa kuruka, ila niliahidi ukweli.

Emanueli alikuwa mtoto wetu wa pili. Alifariki kwa homa akiwa na miezi minane, wakati huo mimi nipo duarani. Simu ilinifikia asubuhi. Pale kambini kwetu tuliamini kwamba mtu akitoka kuzika hashuki tena shimoni, anafukuza dhahabu, na akiondoka nafasi yake anapewa mwingine. Mganga alikuwa ametuambia tumebakiza kidogo sana tufike kwenye mwamba wenyewe.

Nikampigia mdogo wangu nikamwambia zikeni, nakuja.

Nilifika siku ya tano. Na lile duara halikutema chochote, lilikuwa mawe matupu. Mama Rozi hakuniuliza kitu siku ile. Alinipakulia ugali nikala. Nikadhani yameisha. Wanaume tuna tabia hiyo, mwanamke akinyamaza tunaona mambo yamekwisha.

"Jeneza alilibeba mwenyekiti wa jumuiya," akaniambia, mikono bado iko kwenye ungo. "Alilibeba peke yake, lilikuwa dogo. Watu wakaniuliza baba yake yuko wapi, nikawaambia yuko njiani."

Nikaketi kizingitini.

"Kanisani hakuna kuachana, Baba Rozi. Hapa tulipo, nikiamka nimechoka nafunga nguo zangu naenda kwa mama. Nimeweza kukaa humu ndani kwa sababu najua naweza kutoka."

Jumapili iliyofuata tangazo la pili halikusomwa.

Furaha yangu ya Geita haikumaliza wiki mbili. Siwatishi, nawaambia ilivyokuwa. Nilirudi kwa Paroko nikamwambia anisaidie kumshawishi. Akakataa. Akasema ndoa ya kulazimishana siyo ndoa, wewe endelea kuja. Nikamuuliza, na komunyo? Akanijibu, "Subiri, kama yeye alivyosubiri."

Basi nasubiri. Wenzangu wa mafungo wanashuhudia baraka zao kwenye vikao, mimi nipo nyuma nimekauka. Kuna siku nikiwa chini shimoni niliwaza, udongo ukishuka leo nakwenda hivi hivi nilivyo, na sikuona wa kumlaumu zaidi yangu.

Nilikaribia kuacha kabisa kwenda kanisani.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya marehemu wote, padre huwa anakwenda kubariki makaburi. Mwaka jana nilikwenda na mshumaa wangu. Nilipofika nikasimama. Upande wa watoto kuna vilima vidogo vingi, na mimi sijui cha mwanangu ni kipi.

Nilizunguka pale najifanya natafuta kivuli. Mwisho aibu ikanishinda nikamfuata Mama Rozi kati ya kina mama wenzake.

"Mama Rozi, ni lipi?"

Alinigeukia. "Miaka sita nangoja uniulize hilo," akasema.

Akatangulia, nikamfuata. Ni kaburi lenye msalaba wa mbao, jina limeandikwa kwa rangi ya kucha, na ilionekana imerudiwa kupakwa zaidi ya mara moja. Alinionyesha kwa kidole, akarudi kwa wenzake. Mimi nikapiga magoti pale kwenye udongo, sikuweza kusali hata Baba Yetu.

Hajanikubalia ndoa mpaka leo. Na sijui kama atakubali.

Wanaume wenzangu, mafungo nendeni, sijasema msiende. Ila usimkimbilie katekista na daftari lake kabla hujakaa na mwenzio ukamuuliza ulimwacha wapi peke yake. Na ukishauliza, nyamaza umsikilize.

Waliopitia haya, hasa kina mama wa humu, naomba mniambie: Pasaka ikija nimwombe tena, au ningoje mpaka atakaponiambia yeye? Wa kunitukana naye karibu, nitasoma yote, mengine najua nastahili.