Jiko la Mama, Paa la Mkwe

Nyumba yetu ya Kariobangi, Nairobi, ilikuwa na chumba kimoja cha maana na ua mdogo nyuma, ambao kazi yake ilikuwa kuanikia nguo na kuegesha baiskeli ya baba. Mama alipikia mlangoni, jiko la makaa likiwa nusu ndani nusu nje, na mvua ikija alilivuta ndani tukakohoa sote. Baba alikuwa fundi seremala katika kiwanda cha samani kule mtaa wa Baba Dogo. Kila mwezi aliahidi kumjengea mama jiko la nje, na kila jioni alirudi hataki kuona msumari hata kwenye picha.

Jiko lilijengwa hatimaye, lakini si kwa sababu ya moshi. Lilijengwa kwa sababu ya macho ya nyanya, mamake mama. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari wa kule nyumbani kijijini alikuwa amesema apelekwe Nairobi apasuliwe upesi kabla hajapofuka kabisa. Aliyeleta habari ni mjomba wangu, kaka mdogo wa mama, aliyekuwa ametoka kumsalimu.

“Sista, mathe amekataa,” alisema hata kabla ya kuketi. “Anasema kwa mkwe halali. Afadhali awe kipofu.”

Kwetu magharibi, mama mkwe halali chini ya paa la mume wa bintiye. Hamtazami usoni, hazungumzi naye ila kupitia mtu wa katikati, na wakikaribia kukutana njiani mmoja hujitenga kando mpaka mwingine apite. Siku hizi watu huyacheka mambo haya, na mimi huwaacha wacheke, maana hawakumjua nyanya. Yeye hiyo heshima aliishika kama watu wanavyoshika dini. Kwa mjomba hakungewezekana pia, kwani alikuwa amepanga chumba katika mtaa wa Huruma na vijana wenzake, na walilala kwa zamu.

Mama aliendelea kuchambua mchele. Mwishowe akainua kichwa.

“Jiko si la mwanamume,” alisema. “Nikijijengea jiko langu kwa mikono yangu, paa ni langu. Atalala kwangu.”

Mjomba alipokwenda tena nyumbani alilipeleka neno hilo, akarudi na jibu. Nyanya angekuja, lakini mkwe asiweke mkono wake hapo, hata msumari mmoja asipige.

Basi ndivyo ilivyotokea kwamba seremala wa kulipwa, mtu ambaye mabosi walilalia vitanda vyake, alikaa juu ya debe uani akimtazama mkewe akipinda misumari. Mama hakuwa amewahi kushika nyundo. Na nyundo yenyewe haikuwa ya baba, kwani hata hiyo mama aliikataa. Aliazima ya jirani yetu, mama mmoja wa kutoka Murang’a aliyekuwa amejijengea kibanda cha kuku na kwa hiyo akajiona kontrakta. Mbao zilikuwa za maboksi ya matunda. Mabati yalikuwa makuukuu, yenye matundu ambayo mimi na mama tuliyaziba kwa lami. Kuta za chini alizikandika udongo mwenyewe, na hapo hakuhitaji mwalimu. Nilimwona mama akiwa na matope hadi kwenye viwiko, akiimba, na nikampenda kwa namna ambayo sikuwa nimempenda akiwa msafi.

Baba aliteseka. Alikuwa akijifanya anasafisha baiskeli, halafu anaanza kuiambia mambo.

“Mabati hupigiliwa mgongoni,” aliiambia baiskeli. “Sio bondeni. Bondeni ndiko maji yanakopita.”

Mama alikuwa amepigilia bondeni, upande mzima. Alisita, msumari mdomoni.

“Si ufuate tu,” jirani alimnong’oneza. “Kwani maneno nayo ni mkono?”

“Sijui,” mama alisema. “Na sitaki kwenda kuuliza.”

Akaendelea bondeni. Kona moja ilibaki bila msumari kabisa kwa sababu ubao ulikuwa umepasuka, akaifunga kwa waya. Likasimama hivyo, limeinama kidogo upande wa choo, na kwangu mimi hakukuwa na jengo zuri kuliko hilo katika Nairobi nzima. Tuliweka kitanda upande mmoja na lile jiko la makaa upande wa pili. Siku ya kwanza mama kupikia humo alituma sahani ya mboga kwa jirani, naye baba akala chakula chake chumbani, huku mlango wa uani ukiwa wazi ili aone moshi ukitoka.

Nyanya alikuja, akapapasa kuta zote kwa kiganja, akauliza nani aliyepiga misumari. “Mimi,” mama alisema. Nyanya akacheka, akasema inaonekana. Akalala.

Alipasuliwa jicho moja. Akarudi kwetu limefungwa bandeji, na la pili likiwa na ukungu mtupu, akaambiwa atulie asiiname wala asijitikise. Wakati huo mvua za masika zilikuwa zimeanza. Jumamosi moja mchana mama alikuwa sokoni, nami nimeachwa na nyanya jikoni, upepo ukaja na mvua yake kwa pamoja. Waya ukakatika. Ile kona ikainuka, maji yakaanza kumwagika karibu na kitanda, na bati likapiga kelele ya kutisha. Niliogopa. Nyanya alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

Ghafla bati likatulia. Nikachungulia mlangoni. Baba alikuwa amepanda juu ya debe, mikono yote miwili juu, amelikandamiza paa, maji yakimwingia mikononi mwa shati na kutokea kiunoni.

“Nani yuko nje?” nyanya akauliza.

“Ni baba.”

“Anafanya nini?”

“Ameshika paa.”

“Mwambie aende ndani.”

Nikamwambia, ingawa alikuwa amesikia vizuri. Ukuta ulikuwa ubao wa boksi.

“Mwambie mama kwamba nikiliachilia litaruka,” baba alisema.

Nikamwambia. Mvua haikuwa na haraka ya kwenda popote. Niliweza kumsikia baba akitetemeka, maana bati lilitetemeka naye. Nyundo yake ilikuwa chumbani, hatua chache tu, na katika maisha yangu sijaona mtu akiheshimu kitu kwa taabu namna hiyo.

“Mkwe,” nyanya alisema kwa sauti, si kwangu. “Piga msumari.”

Baba akajibu kutoka nje:

“Mama, nikipiga...”

“Najua. Piga.”

Alipiga mmoja, kwa mapigo machache. Haukupinda. Kisha akaingia chumbani kubadilisha nguo, na nyanya akaniomba nimpe blanketi.

Mama alirudi amelowa, akauona ule msumari hata kabla ya kutua kikapu. Alimtazama mamake aliyelala, akatazama mlango, kama mtu anayehesabu kama bado kuna basi la kwenda magharibi. Nyanya akageuza kichwa polepole, akauliza kama chai haijawa tayari. Hapo mama aliketi sakafuni kando ya jiko akalia, akipuliza makaa ili nidhani ni moshi.

Nyanya hakuondoka. Alilala chini ya paa hilo mpaka siku bandeji ilipofunguliwa hospitali. Aliporejea akiona, alitazama vyote, sufuria, kuta, mikono ya mama, uso wangu. Kisha akasema baba aitwe asimame mlangoni.

Baba alikuja na kofia mkononi, ameinamisha uso kama inavyotakiwa.

“Inua kichwa,” nyanya alimwambia.

Akainua. Nyanya alimtazama muda mrefu kwa jicho lake jipya.

“Kumbe umeota mvi,” alisema. “Miaka yote hii nimekuwa nikituma salamu kwa kijana.”

Baba hakujua aweke wapi macho yake. Nyanya akajisogeza kitandani, akapapasa nafasi iliyobaki.

“Keti,” akamwambia, naye akaketi.