Mikono ya Yoakimu Margwe

Yoakimu Margwe alipimwa uzito kwenye mizani ya magunia, kwa sababu shamba zima la ngano halikuwa na mizani nyingine ya kumtosha. Ile ya zahanati ilikuwa ya watoto wachanga. Karani wa ghala alisogeza vyuma, akachungulia, akasema kilo tisini na nne. Watu waliojazana mlangoni wakashangilia kana kwamba wao ndio waliomlisha. Ilikuwa mwaka themanini na tatu, mwezi wa sita, ngano ikiwa bado inakaukia shambani na ghala kubwa likiwa tupu. Humo ndani ndimo ulimofungwa ulingo: mbao chini, turubai juu yake, na kuzunguka pande zote zile kamba za kufungia mizigo ya matela.

Alikuwa mtu wa kijiji cha Daudi, kule juu Mbulu. Aliteremka Hanang akiwa na miaka ishirini, akapewa kazi ya kubeba magunia, naye akawa anabeba mawili kwa mpigo. Wengine walidhani anajionyesha. Mwenyewe alisema ni uvivu tu, hataki kurudi mara mbili. Fundi mmoja wa kombaini, zile mashine za kuvunia, aitwaye Eliakimu, mtu wa Singida aliyewahi kupigana ngumi jeshini, alimtazama siku tatu mfululizo. Siku ya nne akamletea glovu.

Kwa miaka miwili Yoakimu alipigana mara tano, akashinda mara tano. Lakini tuseme ukweli. Mmoja wa hao watano alikuwa mpishi wa kantini, mwingine dereva aliyepanda ulingoni akinuka pombe, na wa tatu aliruka kamba akakimbia kabla ya kuguswa. Watu walimwita bingwa, naye akaona aibu, maana alijua fika kwamba hajawahi kupigwa na mtu anayejua kupiga.

Sasa huyo mtu alikuwa amekuja. Aliitwa Nikolausi Sulle, bondia wa uzito wa juu wa Arusha mjini, mzaliwa wa Dongobesh, na kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyemwangusha. Alikuwa anasubiri nafasi ya kugombea ubingwa wa taifa. Pamoja naye alikuja mzee mmoja kutoka Dar es Salaam mwenye daftari, na maneno yake yalikuwa mafupi: kijana akimshinda Nikolausi, au akisimama naye raundi zote nane, Jumatatu anapanda gari kwenda kambi ya timu ya taifa. Eliakimu aliposikia hayo alikosa usingizi.

Pambano lilikuwa Jumamosi. Alhamisi mchana Marko, shemeji yake Yoakimu, ndugu wa mkewe Tekla, alifika kutoka Daudi. Hakukaribia. Alisimama ng'ambo ya mfereji, hatua kama ishirini, akaita.

"Shemeji, kaa huko huko. Tekla mimba imetoka. Jana asubuhi. Ilikuwa ya miezi saba."

Yoakimu alitaka kuvuka. Marko akarudi nyuma.

"Mwenyewe mzima?"

"Mzima. Amekaa pembeni. Na wewe inakupasa ukae. Njoo nyumbani."

"Mimi sikuwepo, Marko. Nina miezi miwili sijalala nyumba ile."

"Damu ni yenu wawili," Marko akasema, akageuka akaenda zake, asipokee hata kikombe cha maji.

Wairaqw, watu wa kina Yoakimu, wana jina la jambo hilo, metimani. Nyumba iliyopatwa na msiba wa namna hiyo hukaa peke yake kwa miezi. Wenye nyumba hawashiki mkono wa mtu, hawaingii kwa jirani, hawachoti maji pale wanapochota wenzao, wasije wakawapelekea wengine lililowapata. Yoakimu alikuwa amebatizwa, na padri alikwisha kuwaambia mara nyingi kwamba hayo ni mambo ya zamani. Alikubaliana naye kabisa, hasa siku ambazo hakuwa na msiba.

Hapo ndipo alipokosea, na sitamtetea. Alipaswa kuondoka Alhamisi ile ile, kwa miguu ikibidi, akakae na mkewe. Badala yake alijiambia siku mbili si kitu. Alijiambia pia kwamba glovu ni ngozi ya ng'ombe, si mkono wa mtu, kwa hiyo hamgusi mtu. Akapiga moyo konde, akanyamaza. Hata Eliakimu hakumwambia.

Jumamosi, baada ya kupimwa, Nikolausi alimfuata kwenye kona alipokuwa anafungwa bandeji. Alikuwa amemzidi miaka minane, pua imelala upande, macho ya upole.

"Shikamoo, kaka," Yoakimu akasema.

"Marahaba. Kumbe ni mtu wa nyumbani!" Nikolausi akaanza kusema Kiiraqw kwa furaha ya mtu aliyekaa mjini mno. Akasema hapa hakai, pambano likiisha anadandia lori hadi Dongobesh. Mke wake Perpetua yuko kwa mama, ana mimba ya miezi minane, yao ya kwanza baada ya miaka tisa ya kungoja. Akanyoosha mkono.

Yoakimu aliutazama ule mkono. Akasema bandeji bado haijakazwa, akaficha mikono yake nyuma ya mgongo.

Mwamuzi alipowaambia wagusane glovu, Yoakimu hakugusa. Watu wakazomea, wakidhani ni kiburi. Kengele ikapigwa, naye akaanza kukimbia. Alizunguka ulingo, akainama, akakwepa, na Nikolausi akamfuata polepole bila haraka ya bure. Kisha likaja konde la mbavuni, na Yoakimu akaelewa tofauti ya mpishi na bondia. Lilimwingia hadi rohoni. Na ndani ya maumivu yale, jamani, kulikuwa na furaha. Hiki ndicho alichokuwa akikitafuta miaka miwili.

Mwili wake ukajibu kabla ya akili. Mkono wa kulia ulitoka mfupi, wa chini kwenda juu, kama anavyotupia gunia juu ya tela, ukamkuta Nikolausi puani. Yule ambaye hakuwahi kuanguka alirudi nyuma hatua tatu, akashikwa na kamba. Ghala zima likasimama. Mzee wa Dar es Salaam aliandika kitu. Eliakimu alikuwa analia waziwazi akipiga ubao kwa viganja, "Mmalize! Mmalize sasa hivi!"

Yoakimu aliona damu. Ilikuwa puani kwa Nikolausi, ilikuwa kifuani kwake, na ilikuwa kwenye glovu yake yeye Yoakimu. Ngozi ya ng'ombe ikaacha kuwa ngozi ya ng'ombe. Alimwona Perpetua, ambaye hajawahi kumwona, amekaa Dongobesh akimngoja mumewe, akahesabu miaka tisa. Nikolausi akamjia amkumbatie ili apate pumzi. Yoakimu akamsukuma kwa kiwiko.

"Usinishike," akamwambia kwa Kiiraqw, taratibu. "Mke wangu mimba imetoka Jumatano. Nisamehe, kaka. Nilinyamaza."

Nikolausi alishusha mikono. Akarudi nyuma, hatua moja, mbili, hadi kona ya mbali kabisa.

Mwamuzi aliuliza kuna nini. Yoakimu angeweza kusema. Lakini jambo lenyewe lilikuwa la Tekla, na pale walikuwapo wanaume mia nne wenye midomo. Akainua mkono juu.

"Nimeshindwa," akasema.

Sitaki kueleza kelele zilizofuata. Mtu alirusha kopo. Eliakimu hakumtukana. Alimvua glovu bila kumtazama usoni, na hilo lilimuuma kuliko kopo. Mzee wa Dar es Salaam alifunga daftari. Mwamuzi alipotaka kuunyanyua mkono wa mshindi, Nikolausi aliificha mikono yote miwili mgongoni, akakataa, na watu wakasema mabondia wa mjini wana majivuno. Lori la Dongobesh liliondoka jioni ile bila yeye. Alirudi Arusha, akakaa mbali na mkewe mpaka ajifungue. Ni wawili tu waliojua kwa nini.

Yoakimu alifika Daudi Jumapili. Tekla alikuwa amekaa mlangoni, mdogo kuliko alivyomwacha.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

Akamweleza yote, na konde la raundi ya kwanza, na furaha ile. Hakujitetea. Tekla alisikiliza hadi mwisho, kisha akaingia ndani, akakaa siku tatu bila kusema naye.

Miezi sita ni mirefu. Jirani yao Severina aliwaachia chumvi kwenye uzio, akaondoka kabla hawajatoka. Maji walichota bonde la pili, mbali. Watu waliwasalimu vizuri, kwa sauti kubwa, kutoka ng'ambo. Mtu anaweza kuzoea njaa, anaweza kuzoea baridi ya Mbulu, lakini Yoakimu hakuzoea kukaa bila hata mkono mmoja wa mtu wa nje kumgusa begani. Usiku mwingine alijikuta amekishika kiganja chake mwenyewe. Lililomponya kidogo ni kwamba Tekla naye alikuwa hivyo hivyo, na pole pole wakaanza kulia pamoja, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya.

Siku wazee walipomaliza kuwasafisha, kabla jirani yeyote hajavuka uzio, mwanamume mkubwa mwenye pua iliyolala upande, aliyekuwa akiihesabu ile miezi naye, alipanda kilima akiwa na begi. Aliingia uani, akamsalimu Tekla kwanza, akampa pole yake.

"Na Perpetua?" Yoakimu akauliza.

"Alijifungua salama. Wa kike. Ana meno mawili na ananing'ata."

Kisha Nikolausi akafungua begi, akatoa jozi mbili za glovu, akamtupia moja.

"Haya. Hatukumaliza."

Walisimama hapo uani, kuku wakikimbia, majirani wakichungulia kwenye uzio. Safari hii waligusana glovu. Yoakimu alikuwa mzito, miezi sita hajafanya mazoezi, na konde la kwanza la Nikolausi lilimpata shavuni, likamkalisha chini mavumbini. Alibaki amekaa, kiganja shavuni, machozi yakimtoka, akicheka. Alikuwa ameguswa.

Nikolausi aliinama kwa wasiwasi. "Nimekuumiza?"

Nyuma yao Tekla, ambaye tangu msiba hakuwahi kupaza sauti, alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba, umekaa kufanya nini?" akapiga kelele. "Inuka umrudishie!"

Yoakimu akainuka.