Anayepika Kasiksi Anywe wa Kwanza

Ile siku ninayoikumbuka, mwanangu, nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilijiona najua yote. Nakuita mwanangu hata kama hatujapishana sana kwa umri. Nimezaa watatu na nimekimbia mara nne; hiyo inanitosha kuwa mkubwa wako. Jana hapa kambini Kanyaruchinya niliwaona wewe na wenzako mkimimina kasiksi, hii pombe yetu ya ndizi, kwenye bidoni ya plastiki mliyookota. Mliisukutua mara moja tu, mkacheka. Nilitaka kuwapiga. Leo nimetulia kidogo, kwa hiyo nisikilize.

Aliyenifundisha pombe ya ndizi ni mama mkwe wangu, kule kwetu juu ya Kibati. Ndizi alizikamua yeye, lakini bidoni zilikuwa kazi yangu, na hapo ndipo alipokuwa mkali. Maji ya moto, majivu, kokoto ndogo za volkano. Unatikisa mpaka mabega yanauma, unamwaga, unarudia. Kisha unaigeuza juani mdomo chini, na ikikauka unaingiza pua. Kizibo ni jani la mgomba lililokunjwa, lisikazwe, pombe ipumue, la sivyo bidoni inavimba na kupasuka. Bidoni ya kununua haikuingia kwake kabla hajajua ilibeba nini. Na kila bidoni ikifunguliwa, mwenye pombe anakunywa kikombe cha kwanza mbele ya watu wote. Kwetu watu wanaogopa sumu kuliko risasi. Mimi niliona ni mambo ya wazee tu.

Kisha volkano ikashuka na moto wake. Nyumba ilikwenda, migomba ikaenda, bidoni zetu zote ziliyeyuka. Tukafika Keshero, mjini Goma, kwa shangazi ya mume wangu. Mabomba ya maji yalikuwa yameungua, kwa hiyo maji tuliyabeba kutoka ziwani, na mimi nilikuwa na mutoto wa miezi minne mgongoni. Mama mkwe alifanikiwa kupika tena, kidogo, kwenye sufuria za kuazima. Asubuhi moja akaenda kutafuta ndizi nyingine, akaniacha na pombe iliyoiva na bila chombo cha kuiwekea.

Nikanunua bidoni kwa mutu wa barabarani.

"Ilibeba nini, papa?"

"Mafuta ya kula tu, mama. Weye beba."

Hakunitazama usoni. Karatasi ya bidoni ilikuwa imebanduliwa kwa kisu, nikaona. Ilikuwa na harufu, nikaisikia. Usinionee huruma, nilijua kuna kitu. Lakini maji yaliyobaki yalikuwa ya uji wa mutoto, na mgongo uliniuma, nikaisukutua mara moja kwa maji baridi, kama ninyi jana.

Mteja wa kwanza alikuwa Papa Byamungu, muzee wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Siku ya kukimbia, ndiye aliyetubebea godoro kwenye chukudu yake, na hakutuomba kitu. Nikamjazia kikombe.

"Mama Neema, onja kwanza."

"Miye ninanyonyesha, papa. Ao unaogopa nitakuroga?"

"Weye? Ugali tu unakushinda, uchawi utauweza?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Akanywa viwili. Akasema ni chungu kidogo, lakini mutu aliyefukuzwa na moto hachagui.

Hata saa moja haikupita. Mate yakamtoka mdomoni, jasho likamlowesha shati, mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano. Mwanamke mmoja akapiga kelele: "Mulozi! Amemupa sumu!" Goma mutu hatafuti jiwe mbali. Waliinama tu, wakaokota mawe ya kunipiga. Nikamkumbatia mutoto, nikakaa chini.

Mama mkwe akatokea na ndizi kichwani. Alizitua, akanusa mdomo wa bidoni, akawageukia watu.

"Hii ni dawa ya viazi, ile ya kupulizia shambani. Hakuna mulozi hapa. Kuko muvivu. Mupandishe muzee kwenye chukudu!"

Akaibeba bidoni yenyewe, ikimmwagikia kwenye kitenge, akawafuata mpaka kituo cha afya ili muganga ajue anatibu nini, nami nikafuata nyuma. Muganga alijua. Dawa ya kumtibu alikuwa hana. Mzigo ulikwama njiani, waasi walikuwa wamekata barabara.

Papa Byamungu alikufa mke wake akiwa amemshika mkono. Yule mama akatoka nje, akasimama mbele yangu.

"Ulionja?"

"Hapana, mama."

Alishika chukudu ya mume wake, akaisukuma peke yake kuelekea nyumbani.

Tukiwa njiani kurudi, mama mkwe alisema mara moja tu: "Ungejua ni weye wa kunywa wa kwanza, hiyo bidoni ungeiosha namna gani?" Sasa amekufa, na jibu nimebaki nalo.

Nina hasira na yule muuzaji. Nina hasira na waasi, na jeshi, na wote wanaotufanya tupike maisha upya kila mwaka kwa vyombo vya kuokota. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyejaza kile kikombe. Nilikijaza mimi.

Basi shika hili. Muuzaji akisita kusema bidoni ilibeba nini, mwachie. Bidoni ikinuka kitu usichokijua, itoboe kwa msumari, batoto wasije wakaitekea maji. Maji yakikosekana, pombe ingoje au imwagike. Na kama huwezi kunywa wa kwanza, kwa sababu ya mimba au maziwa, muite mume wako aonje. Ukiona roho inakataa aonje, umeshajijibu.

Mungu ailinde mikono yako, mwanangu. Akupe maji ya karibu, akurudishe kwenu ukiwa na wote uliotoka nao. Na kila atakayekunywa kwako, afike kwake kwa miguu yake.