Kamera Iliyojifunza Jicho la Fundi Viatu

Fundi viatu wa kona ya posta hakuwa na habari na sura za watu. Ungempita asubuhi ukamwamkia, akakuitikia vizuri kabisa, na jioni akiulizwa kama amekuona angesema, "Nimeviona viatu vyake. Kamba ya kulia imefungwa ovyo, nadhani kaamka na hasira." Siku moja mwizi alimnyakulia nyundo mchana kweupe. Polisi wakaja na daftari. Fundi akawaeleza: saizi arobaini na mbili, anakanyagia nje, soli imepasuka chini ya kidole kidogo. Mwizi alishikwa kabla chai haijapoa. Lakini walipomuuliza kama mtu huyo alikuwa mrefu au mfupi, fundi alishangaa kweli. "Hilo ningelijulia wapi?"

Tabia hiyo ndiyo iliyomharibia ukweni. Siku alipopelekwa kujitambulisha, amebanwa na suti ya kuazima, mama mkwe alisimama mlangoni wima kama nguzo, akingoja heshima zake. Kijana akainama. Akazidi kuinama. Watu wakanong'onezana, jamani adabu gani hii, huyu kalelewa. Kumbe anachungulia.

"Shikamoo mama," akasema. "Kisigino cha kushoto kimeliwa upande."

Hata kuku wa uani waliacha kuparura.

"Nimelea binti," mama mkwe akasema polepole, "nimemsomesha, ili aje achukuliwe na mtu anayeongea na kisigino changu?" Papo hapo akaapa mbele ya ukoo mzima: ndoa ataikubali kwa sababu binti amekuwa king'ang'anizi, lakini mikono ya mtu yule haitagusa kiatu chake mpaka azikwe.

Tangu hapo ikapita miaka ishirini na miwili, na kila fundi akienda ukweni alipewa kigoda cha mlangoni, pale wageni wanapovulia viatu. Mkwe mwenzake mhasibu alikalia kochi lenye vitambaa. Yeye alikaa na ndara. Mama mkwe hakuwahi kumwita mwanangu, wala hata kwa jina. "Yule wa Miguu kashapewa chai?" angeuliza, na Yule wa Miguu yupo hapo hapo, hatua tatu. Fundi alisema hajali. Mkewe alijua anajali, maana kila wakitoka kule alipigilia misumari siku mbili mfululizo kwa nguvu ya mtu anayejenga daraja.

Faraja yake ilikuwa Mama Kinundu. Huyo hakuwahi kumwona. Muuza mayai ndiye aliyeleta viatu vyake, vya ngozi ya kahawia, vimefunikwa mayai kwenye kapu. "Vya dada yangu wa mbali," alisema kila mara, huku akiangalia pembeni. "Mgonjwa, hawezi kuja." Mwenye viatu alikuwa na kinundu kwenye kidole gumba, na fundi alimhurumia mpaka akamtengenezea kimfuko maalumu ubavuni mwa kiatu, akakifunga kwa misalaba mitatu ya uzi wa manjano. Mshono ule hakumshonea mtu mwingine yeyote duniani.

"Mtu mwenye kinundu cha namna hii ni mpole," alimwambia mkewe. "Laiti mama yako angekuwa na roho ya Mama Kinundu!"

Sasa kamera. Iliingia kwa njia ya buti. Mpima ardhi mmoja mstaafu, ambaye buti zake fundi alizifufua mara tisa, alikuja kibandani na kitu cheusi, kizito kama tofali, kikining'inia shingoni.

"Hii ni kamera ya filamu, lakini akili inayo," akasema. "Huzungushi lenzi. Ukichungulia, yenyewe inasoma mboni yako, inajua unatazama wapi, inalenga hapo hapo. Tiii! Tayari."

"Na kwa nini unaniachia?"

"Miwani yangu imenenepa, hainisomi tena. Nikimtazama mjukuu, inalenga kabati. Chukua. Ila ifundishe jicho lako kwanza."

Kuifundisha kulikuwa kazi ya kutazama kitaa chekundu kulia, kisha kushoto, kisha katikati, kama mtu anayepimwa macho. Fundi aliifundisha siku tatu, ikala betri mbili, na mwishoni ilimjua kuliko alivyojijua mwenyewe.

Filamu ya kwanza akawapiga picha wateja na mkewe, mmoja mmoja, wameketi kwenye benchi miguu mbele. Alipokwenda kuchukua picha, dada wa duka la kusafisha picha alimsukumia bahasha huku amebana kicheko. "Baba, hili ni tangazo la kiwanda cha viatu?"

Picha thelathini na sita. Viatu thelathini na sita, vimetoka safi mpaka ungehesabu chembe za vumbi na kuziuliza zimetoka mtaa gani. Juu ya viatu, ukungu. Juu ya ukungu, ukungu mwingine uliovaa kofia.

"Kamera imeharibika," fundi akamwambia mkewe.

Mkewe akatafuta picha yake. Ndara yake ya bluu iling'aa kama imetoka dukani. "Haijaharibika hata kidogo," akasema. "Imekusoma. Miaka ishirini na miwili niko kwenye ndoa na mwanamume anayeifahamu ndara yangu."

Habari za kamera inayolenga yenyewe zilifika ukweni kabla kicheko cha dada wa duka hakijaisha. Mama mkwe alikuwa anatimiza miaka themanini, na hakuwa na picha moja ya maana. Wapiga picha wote waliomjaribu walimkuta amefumba macho. Akamtuma mwanawe wa mwisho, mwenye pikipiki na mdomo usio na breki.

"Shemeji," akasema, hata hajazima injini, "mama anataka picha ya ukutani. Jumapili. Kasema ukiitoa sura yake vizuri, unahama kigoda, unakalia kochi kama binadamu. Ukiharibu, hata kigoda hupati. Utakuwa unakaa nje na pikipiki yangu."

Basi fundi akaanza mazoezi ya kutazama watu usoni. Aliamkia mtaa mzima ameinua kidevu kama twiga. Siku ya kwanza aliingia mtaroni. Siku ya pili alimpa mtu pole ya msiba kwa sababu hakujua kuwa huo ndio uso wake wa kila siku. Siku ya tatu alimtazama mkewe muda mrefu mpaka mkewe akauliza, "Umevunja nini?"

Jumapili ikafika. Mama mkwe aliketi karibu na dirisha, gauni refu limefunika mpaka sakafuni. Nyumbani kwake fundi alizoea kumwona na malapa tu, lakini siku hiyo hakuuliza, hakuchungulia, alijifunga kibwebwe. Akaweka jicho kwenye kamera. Paji la uso, akajiambia. Nyusi. Kaa hapo hapo kwenye nyusi.

"Mama, inua kidevu kidogo."

Mama akainua kidevu, na ili kidevu kipate nafasi akaegemea nyuma, na alipoegemea gauni likapanda shibiri moja. Ncha ya kiatu cha kahawia ikachungulia. Ubavuni mwake, misalaba mitatu ya manjano.

Jicho la fundi likaanguka kutoka kwenye nyusi kama nazi. Tiii! ikasema kamera, kwa furaha tele. Akalipandisha. Likaanguka. Tiii! Alilisihi, alilitukana kimoyomoyo, lakini lilikuwa limemwona rafiki wa miaka mingi na halikutaka kuondoka. Kamera ikatafuna filamu yote, ikajiviringisha yenyewe, krrr, ikanyamaza. Fundi alikuwa ameloa jasho mpaka soksi.

"Zimetoka?" mama mkwe akauliza.

"Kuna kitu kimetoka, mama," fundi akajibu.

Njiani aliazimia kuichelewesha filamu mwaka mzima, ikibidi imezwe na mbuzi, lakini shemeji alikwishaichomoa mfukoni mwake akaipeleka mwenyewe dukani. Jumapili iliyofuata ukoo ulikusanyika, keki imekatwa, bahasha inazungushwa mkono kwa mkono.

"Mama," shemeji akasema, ameigeuza picha juu chini, "hii ndiyo sura yako? Mbona ina soli?"

Mhasibu alikohoa keki. Mama mkwe akanyakua picha moja, ya pili, ya kumi. Kila moja ilikuwa na mvuke wa birika umeketi kitini, na chini ya mvuke kiatu kimetoka kifalme.

"Si nilisema?" akapaza sauti. "Nilisema siku ile ile! Mtu huyu hajawahi kunitazama usoni. Nikifa atawauliza waombolezaji, aliyelala hapa alivaa saizi gani. Nje! Kakae na pikipiki!"

Fundi akasimama. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango mkewe aliposema, "Ngoja kwanza." Alikuwa ameiinamia picha moja, pua inakaribia kuigusa. "Misalaba mitatu. Uzi wa manjano. Mume wangu, hivi si viatu vya Mama Kinundu?"

"Nani Mama Kinundu?" mama mkwe akafoka, na papo hapo akavuta vidole vya miguu chini ya gauni.

Macho yote yakashuka kwenye gauni. Kisha yakahamia kwa muuza mayai, ambaye alikuja kwa ajili ya keki tu. Muuza mayai akaweka sahani chini taratibu, akakumbuka kwa sauti kwamba kuku wake hawajala, akapita mlangoni kama upepo.

Kochi lilikuwa hapo, hatua tano. Fundi angesema neno moja tu na ukoo mzima ungemcheka yule bibi mpaka mwakani. Akamtazama mkewe, akakohoa.

"Uzi wa manjano unauzwa kila duka," akasema. "Mafundi wengi tunashona hivyo. Picha nimeharibu mwenyewe, tusimsingizie mama. Naenda zangu nje."

"Wewe!" Mama mkwe alisimama. "Nani kakuomba unitetee? Mafundi wengi wapi? Nimepeleka kidole changu kwa mafundi wanne, wote nusura waniue. Uzi wa kila duka unakaa miaka sita bila kukatika? Kama huijui kazi yako, nyamaza, usiiseme vibaya mbele yangu!"

"Na kisigino cha kushoto," akaongeza, sauti imeshuka, "siku ile kilikuwa kimeliwa kweli. Nilikijua tangu asubuhi. Nilikuwa naomba tu mgeni asikione."

Akaenda kabatini, akavitoa viatu vya kahawia nyuma ya mashuka, akavitia mikononi mwa fundi. "Kaa navyo. Cha kulia kimeanza kubana. Filamu nyingine unayo?"

"Moja ipo, mama."

Mama mkwe akarusha malapa upande huu na ule, akaketi peku, miguu ameinyoosha mbele ya kila mtu, kinundu na vyote. "Haya, piga. Nataka nione hilo jicho lako litakimbilia wapi."

Fundi akatia filamu kwenye kamera iliyomning'inia shingoni, akachungulia. Jicho likashuka kwa mazoea, likakuta vidole kumi visivyo na kamba, visivyo na soli, visivyo na hata uzi mmoja wa kurekebisha. Likazungukazunguka hapo kama mtu aliyefika kazini akakuta kumefungwa. Kisha, kwa kukosa shughuli, likapanda. Magoti. Mikono. Shingo. Likafika usoni, likakaa. Nyusi zilikuwa zile zile za mkewe. Katikati ya meno ya mbele kulikuwa na mwanya ambao fundi hakuwahi kuujua, na aliuona kwa sababu bibi alikuwa anacheka.

Tiii.

Picha hiyo iko ukutani mpaka leo, kubwa kama mlango, kila kunyanzi limehesabika, miguu peku. Wageni wakiuliza kwa nini mama hakuvaa viatu, anawajibu kwa maringo, "Vilikuwa kwa fundi."

Fundi alikalia kochi lile mara moja. Robo saa tu, akaanza kunyoosha shingo kuelekea mlangoni, maana kutoka kochini huoni viatu vinavyoingia. Akaomba kigoda chake. Mama mkwe akamwita mbishi, akamwita mjinga, kisha akaburuta kiti chake mpaka mlangoni, akakiweka kando ya kigoda. Siku hizi wanakaa pale wawili, na mgeni akiingia, bibi anamsukuma mwenzake kwa kiwiko.

"Mwanangu, huyu vipi?"

"Cha kulia, mama. Kimeliwa nyuma."

"Nilikiona."