Sponji Niliyoianika Juani

Pikipiki yangu alinichagulia mume wangu. Nikiwa na hasira husema alinichagulia ile ili aweze kuniacha bila wasiwasi. Hasira ikipoa naona namsingizia, lakini siku hizi haipoi haraka.

Mimi ni daktari wa mifugo. Ndivyo wakulima wanavyotuita, hata sisi wa cheti tu. Nilipohamishiwa Bisibo kutoka Murusagamba, kule karibu na mpaka wa Burundi, nilihitaji chombo cha kunifikisha mahali ambapo barabara inaisha na njia ya ng'ombe inaanza. Mume wangu alikuwa fundi pikipiki. Tukaenda wote Biharamulo mjini kuangalia mbili zilizokuwa zinauzwa. Moja nyekundu, mpya mpya, unabonyeza kidude inawaka, na redio inayo. Nyingine ndefu, madigadi iko juu, tairi za meno makubwa, ya kupiga kiki, taa yake imefungwa kwa mpira. Mimi nilikuwa nimeshaikalia ile nyekundu na kuwasha redio.

"Shuka," akaniambia.

Akaweka kiganja kwenye injini ya ile ndefu, kuhakikisha muuzaji hajaipasha kabla hatujafika. Ilikuwa ya baridi. Akachovya kidole kwenye oili, akaisugua akitafuta chembe za chuma. Akatikisa gurudumu la mbele kulia na kushoto kupima beringi. Kisha, muuzaji akipiga kelele, akailaza pikipiki ya watu kwenye nyasi.

"Inua."

Nikainua. Gauni langu la kutokea likachafuka, na nikamtukana kidogo. Akailaza na ile nyekundu; hiyo ilinishinda hata kuisogeza.

"Ukiangukia nyuma ya kilima huko utamwita nani?" akasema. "Chukua unayoweza kuiinua peke yako. Na kiki haihitaji betri."

Niliona huo ndio upendo wenyewe. Mpaka leo naona hivyo, ndiyo maana inaniuma.

Kila Jumapili tukitoka kanisani alinifundisha. Cheni ilegee upana wa vidole viwili, isizidi. Plagi ikiwa nyeusi isuguliwe. Somo alilolirudia kuliko yote lilikuwa la sponji ya kuchuja hewa, kwa sababu kiangazi chetu ni vumbi jekundu tupu. Unaifua kwa sabuni, unaianika, halafu unailoweka kwenye oili, unaikamua na kuirudisha ikiwa na unyevu. Ukiirudisha kavu, vumbi linapita moja kwa moja hadi kwenye pistoni na kula ringi. Nilimuuliza nihangaike na oili kwa nini wakati fundi analala ubavuni kwangu.

"Siku nisipokuwepo," akasema huku anacheka.

Nami nikacheka. Mjinga mimi.

Alirudi Murusagamba kufungua gereji, akasema ni kwa mwezi mmoja. Mwezi ukawa msimu wa maharage, ukawa misimu miwili. Halafu akanipigia simu mchana, nikiwa zizini na mkono mmoja ndani ya ng'ombe, akaniambia kuna mwanamke huko, wanaishi pamoja. Nikamwambia nitampigia baadaye, nina kazi. Nikamaliza kumzalisha yule ng'ombe. Ndama alitoka mzima, wenye ng'ombe wakashangilia, na mimi nikalia mbele yao. Wakadhani ni furaha.

Sikumpigia. Nilikuwa nangoja pikipiki iharibike, ili niwe na sababu ya kumwita bila kujidhalilisha. Haikuharibika. Alikuwa amenifundisha vizuri mno. Nilikwenda nayo Nyabusozi na kurudi, mvua na jua, haikukohoa hata mara moja. Nikaanza kuichukia.

Kiangazi kilipofika nikaifua ile sponji kwa sabuni, nikaianika kwenye kamba pamoja na kanga zangu, nikairudisha ikiwa kavu. Nilijua ninachofanya. Wiki iliyofuata nikaifua tena, nikairudisha kavu tena. Kabla mvua hazijaanza pikipiki ilikuwa inatoa moshi wa bluu, na kwenye vilima nikawa naisukuma. Ndipo nikampigia.

Aliuliza maswali matatu tu. "Nakuja Jumamosi," akasema.

Jumamosi nilifagia uwanja mara mbili. Nilipika ndizi na maharage, yaliyoungwa kwa mawese kama anavyopenda. Nilivaa lile gauni la siku ya kununua pikipiki. Saa sita mchana, nikiwa jikoni, nikasikia sauti yake uwanjani.

"Hodi."

Miaka yote tuliyoishi pamoja sikuwahi kumsikia akibisha hodi kwenye nyumba hii. Alikuwa akiingia tu, akiuliza chakula kiko wapi. Bibi jirani, mwenye nyumba yangu, akaitikia kutoka kwake: "Karibu mgeni!" Akachungulia, akamwona ni nani, akarudi ndani bila kungoja shikamoo yake.

"Habari za hapa, daktari," mume wangu akasema. Zamani aliniita daktari wangu.

Akafungua kifuniko cha pembeni, akatoa sponji. Ilikuwa safi, imekauka kabisa. Akaigeuzageuza mkononi.

"Uliisahau oili?"

"Sikusahau," nikasema.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu afike. Alielewa; nilimwona ameelewa. Nilitamani anigombeze, anitukane, chochote ambacho mume humfanyia mke aliyeua pikipiki nzuri. Akainama, akaendelea na kazi. Akaweka ringi mpya alizokuja nazo, akailoweka sponji, akaikamua taratibu na kuirudisha mahali pake. Akaniambia nipige kiki. Ikawaka mara moja.

Nikatenga chakula. "Nimekula njiani," akasema, akauliza anawe wapi, wakati mtungi uko palepale alipouweka yeye.

Alipoondoka niliona spana zake kwenye nyasi, zimefungwa kwenye kitambaa. Fundi hamwachii mtu spana zake. Yeye usiku alikuwa akiziweka chini ya kitanda. Amezisahau, nikawaza, basi atarudi. Halafu nikashindwa kungoja, nikazibeba, nikawasha pikipiki nikamkimbilia, nikamkuta anangoja gari barabarani.

"Umesahau spana zako," nikasema.

Hakunyoosha mkono kuzipokea.

"Sikuzisahau," akasema. "Ni zako."